Tuta Kati Yangu na Rodion Shvets

Jumatatu, 29 Julai

Daftari jipya. La zamani limelowa supu ya kabichi. Naanza maisha upya.

Leo asubuhi Avgusta Platonovna, mkuu wetu wa uchimbaji, ametangaza jambo kubwa katikati ya uji wa nafaka ya grechka. Amesema Nyumba Namba Tisa itaandikwa na yule ambaye meko yatatokea kwenye mraba wake. Kisha akaongeza siagi, akaendelea kula kana kwamba hakusema lolote. Kijiko kilinitoka mkononi. Bila nyumba sina tasnifu. Bila tasnifu narudi Spassk kwa mama, ambaye tayari ameshanitafutia kazi ya kufundisha darasa la tano.

Hali ya vita ni hii. Wajurchen walioishi ndani ya boma hili la mlimani miaka mia nane iliyopita walilala juu ya benchi la mawe. Chini ya benchi, mifereji ya moshi. Mwishoni mwa benchi, meko. Moto unawaka pale, moshi unapita chini ya mgongo wako, unatokea nje, wewe unalala kama mkate kwenye tanuri. Watu wenye akili. Hema langu halina kitu cha namna hiyo.

Benchi liko kwenye mraba wangu. Zuri ajabu. Linaelekea mashariki, linaingia kwenye tuta. Tuta ni ule udongo tunaouacha bila kuchimba kati ya mraba na mraba, nusu mita upana, ili tabaka zisomeke ubavuni mwake. Upande wa pili wa tuta yuko Rodion Shvets. Kwake hakuna benchi. Ana sakafu, ana kizingiti cha mlango, na ana bawaba ya chuma ambayo ameshamwonyesha kila mtu mara mbili. Basi benchi limeingia kwenye tuta na halijatoka. Meko yamo ndani ya tuta! Kilichobaki ni kujua yamo upande gani. Tuta litabomolewa Jumanne ijayo. Mkuu amepigilia vigingi viwili na kutandaza uzi katikati yake: magharibi kwangu, mashariki kwake.

Rodion ana urefu wa mita moja na tisini, anaimba akichimba, na kila mtu anampenda. Mimi nina kina.

Shangazi Rimma, mpishi wetu kutoka kijijini, amenilalamikia tena wakati wa kuosha vyombo. Eti lundo la kifusi limefukia upupu wake. Kila masika, kabla hatujaja, huchuma majani machanga ya upupu pale na kuyapika supu, yakiiva hayawashi. Eti upupu wa pale ulikuwa unamfika mabegani. Nimemweleza kwa upole kwamba mahali pa lundo nilipachagua mimi mwenyewe, kisayansi, wiki ya kwanza. Nilichimba shimo la majaribio, halikuwa na kitu, tukaanza kumwaga udongo. Liko hatua sita tu kaskazini mwa miraba yetu. Hakuna lundo lililokaa vizuri kama lile katika mkoa mzima wa Primorye. Amenitazama, akasema haya binti, wewe ndiye msomi.

Ndiyo. Mimi ndiye.

Jumatano, 31 Julai

Mpango wa kwanza. Nimeamka saa kumi na moja, ukungu mzito, hata boma halionekani. Nimesogeza vigingi sentimita tano kuelekea mashariki. Sentimita tano! Hakuna anayeona sentimita tano. Nimefuta nyayo zangu kwa brashi. Nimerudi hemani nikalala usingizi wa mtu mwema.

Adhuhuri nimepima kwa siri. Uzi umerudi mahali pake. Na si hivyo tu. Umesogea sentimita tatu magharibi!

Nimeduwaa. Ina maana kuna mtu humu kambini asiye na maadili.

Jioni Rodion ameniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, kama nimelala vizuri, maana macho yangu mekundu. Nimemjibu ni mbu. Akasema kweli, mbu wa saa kumi na moja ndio wabaya kuliko wote, yeye mwenyewe wamemuuma.

Ijumaa, 2 Agosti

Vita vya vigingi vimekwisha kwa sare. Jana vilisogezwa mara nne, na leo kimoja kimevunjika. Mpango wa pili ni wa hila zaidi.

Kila mchimbaji ana wajibu wa kusafisha uso wa tuta kwa mwiko, mvua ikinyesha au jua likikausha, ili rangi za tabaka zionekane. Hakuna anayeweza kukulaumu kwa usafi. Basi nasafisha. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo baada ya chai. Kila nikisafisha, sentimita moja ya tuta inakuwa yangu kabisa, imo ndani ya mraba, na kilichomo ndani yake ni changu.

Saa nne: kipande cha mkaa! Saa tano na nusu: udongo mwekundu, ulioungua, mkubwa kama ukucha! Meko yananikaribia. Nimekaa chini nikatafakari jinsi nitakavyoandika sura ya tatu.

Hapo ndipo niliposikia. Kwaru, kwaru, kwaru. Upande wa pili. Nikaacha kukwangua, kukawa kimya. Nikaanza tena, kwaru kwaru ikaanza tena. Nimechungulia juu ya tuta. Rodion alikuwa amepiga magoti, mwiko mkononi, uso mtakatifu. Akasema, "Usafi, profesa." Nikasema, "Usafi."

Nachukia anaponiita profesa. Hasa kwa kuwa jina lenyewe linanipendeza.

Jumapili, 4 Agosti

Siku ya mapumziko. Wote wameteremka mtoni kuogelea. Mimi nimesema kichwa kinaniuma. Rodion naye, cha ajabu, kichwa kimemuuma. Tumeshinda tukisafisha, kila mtu upande wake, bila kusemezana. Alikuwa na karoti za Kikorea kwenye bakuli. Ameniwekea nusu juu ya tuta. Nimekula, kwa sababu chakula si siasa.

Saa tisa kivuli kimetuangukia. Avgusta Platonovna, viatu vya kijeshi, mfuko umejaa mbegu za alizeti, futi ya kupimia mkononi. Amepima tuta. Amepima tena. Akauliza tuta hili lina ugonjwa gani, maana mwezi uliopita lilikuwa na sentimita hamsini, leo lina ishirini na saba.

Nimesema ni unyevu. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hujikunja. Rodion akaitikia mara moja kwamba jambo hilo linajulikana sana, kuna makala nzima juu yake, imetoka Novosibirsk. Akataja hadi ukurasa! Nimekasirika. Uongo ulikuwa wangu, yeye amekuja kuutia tanbihi.

Mkuu ametema ganda. Akasema likijikunja tena, sisi wawili tutajikunjia jikoni mpaka Septemba.

Jumanne, 6 Agosti

Leo ndiyo siku iliyopangwa kubomoa tuta. Mpango wa tatu ulikuwa safi kama glasi. Zamu za kusaidia jikoni hupangwa na Shangazi Rimma. Jana nilimpelekea makopo mawili ya maziwa mazito ya sukari, akiba yangu ya mwisho, nikamwambia Rodion ana kipaji cha mapishi, ila ni mwenye haya. Asubuhi kweli akaja kumchukua kwenye uji. "Njoo baba, viazi havijimenyi." Amemfuata. Uwanja ukawa wangu!

Saa tatu Mkuu akatangaza kwamba tufani inapanda kutoka baharini, itafika keshokutwa. Hakuna kubomoa chochote. Wote tuchimbe mitaro ya maji kuzunguka kambi.

Nimechimba mitaro siku nzima. Mikono yangu ina malengelenge saba.

Rodion ameshinda penye joto, akijifunza kutengeneza mikate ya mvuke yenye kabichi na nyama ndani. Jioni amepigiwa makofi. Wasichana wa mwaka wa kwanza wamemwomba awaandikie namna ya kupika. Mimi nimekula mitano. Wa sita ulikuwa wa huzuni.

Mezani ametusimulia kwamba Rimma amemlalamikia kutwa nzima juu ya upupu wake uliofukiwa. Akamwigiza, mkono kiunoni: "Ulikuwa upupu wa kifalme ule! Hauoti hivyo popote mlimani, ni pale tu!" Nimecheka mpaka chai ikanitoka puani. Yeye pia. Ni mara ya kwanza tumecheka jambo moja. Rimma alikuwa nyuma yetu na sufuria. Akasema chekeni tu, watoto, chekeni.

Alhamisi, 8 Agosti

Tufani. Naandika ndani ya gari la vifaa, kalamu inateleza.

Tangu alfajiri maji yanamwagika kana kwamba mtu ameinamisha pipa. Saa mbili nimekimbia juu na turubai la nailoni kulifunika tuta. Rodion alikuwa ameshafika na lake. Tuta limebaki sentimita kumi na nne. Limesimama pale jembamba kama kipande cha mkate, linatetemeka. Tuliliangalia, tukaangaliana. Hakuna aliyesema usafi.

Tumelifunika. Upepo ukafunua. Tumelifunika tena, tukaamua kulishika. Yeye upande wake, mimi upande wangu, migongo yetu imeliegemea, nailoni juu ya vichwa. Muda wa saa tatu nzima! Maji yanaingia shingoni yanatokea kwenye buti. Ameimba nyimbo zote anazozijua, halafu akaziimba kwa maneno ya kumtukana Mkuu. Kisha akaniambia, kupitia kwenye udongo, kwamba bila nyumba hii na yeye hana tasnifu, na baba yake amemwekea nafasi kwenye duka la vipuri vya magari huko Nakhodka. Nikamwambia juu ya darasa la tano. Akasema afadhali vipuri, havina wazazi.

Nakiri mgongo wangu ulikuwa na joto. Nadhani hivyo ndivyo Wajurchen walivyojisikia.

Saa tano na dakika kumi tuta limeanguka. Halikuanguka kwake wala kwangu. Lilikaa chini tu, kama bibi aliyechoka. Tukabaki tumeegemeana.

Mvua imeosha udongo wake mbele ya macho yetu. Tukapiga magoti. Benchi linaonekana, limeingia kwenye tuta, ndiyo, kama nilivyosema. Halafu linakata kona. Kona safi, mraba kabisa, ndani ya upana wa tuta. Hakuna meko. Mifereji miwili ya moshi inageuka kaskazini na kwenda zake.

Tumeifuata kwa macho. Hatua moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Lundo.

Lundo langu. Refu kama basi, la urefu wa wiki nne, maji yanatiririka kila upande. Rodion alisema neno ambalo sitaliandika. Alilisema polepole, kwa heshima.

Ijumaa, 9 Agosti

Jua. Kila kitu kinatoa mvuke, mimi pia.

Mkuu amesimama kwenye kona ya benchi kwa robo saa nzima akila alizeti. Kisha akauliza nani alichagua mahali pa lundo. Rodion akasema, "Sote." Nilishtuka. Hakuna aliyemwomba. Nikawa nataka kusema ni mimi, kweli nilitaka, nilikuwa natafuta tu mpangilio mzuri wa maneno. Lakini Mkuu alikuwa ameshafungua daftari la kambi, akasoma kwa sauti mbele ya watu wote, na Shangazi Rimma akiwa amekuja na ndoo yake kusikiliza: tarehe tisa Julai, shimo la majaribio, kina cha mkono mmoja, hakuna kitu, ardhi tupu, mahali panafaa kwa lundo. Saini: T. Rudenko.

Akauliza kwa nini niliishia kina cha mkono mmoja. Nimesema ukweli. Kengele ya chakula ililia.

Akauliza palikuwa na nini juu ya ardhi kabla ya lundo. Nimesema magugu. Akauliza magugu gani. Nikainamia buti yangu. Rimma akajibu kwa niaba yangu, kutoka nyuma: "Upupu, Avgusta Platonovna! Unanifika hapa!"

Mkuu akafunga daftari. Akaniuliza kama si mimi niliyeandika insha ya mwaka wa pili juu ya mimea inayostawi palipo na majivu ya kale. Nikasema ni mimi. Akasema anaikumbuka vizuri. Upupu ulikuwa na sura yake. Alinipa alama ya juu.

Hukumu: mimi na Rodion tuhamishe lundo lote. Kwa toroli. Yeye kwa sababu ya makala ya Novosibirsk, ambayo Mkuu ameitafuta na haipo.

Jumanne, 13 Agosti

Toroli la mia mbili na themanini na tatu. Tunachora mistari kwa chaki kwenye ubao wa toroli lenyewe.

Nashangaa kusema hivi, lakini ni siku nzuri. Asubuhi ukungu hukaa bondeni, na boma linatoka juu yake kama mgongo wa mnyama aliyelala. Tunasukuma kwa zamu. Mmoja anajaza, mwingine anasukuma, halafu tunabadilishana. Rodion anajaza kupita kiasi, nimemwambia, akasema profesa ana misuli sasa, asilalamike. Nimeikagua hemani kwa kioo cha mfukoni. Ni kweli. Mkono wa kulia hasa.

Chini ya lundo udongo una kijivu cha majivu. Kila tukimwaga toroli naenda kukiangalia tena.

Rimma anatuletea chai ya mlimau-mwitu saa nne na saa kumi. Leo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatutazama tukifanya kazi kwa raha kubwa. Akasema angejua wasomi wana nguvu hivi, angetuomba tumlimie viazi.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Wanaakiolojia, na tumeyapata!

Saa nne kasorobo. Mwiko wa Rodion ukagonga jiwe, brashi yangu ikafuata. Mawe mawili yamesimama, moja limelala juu, udongo mwekundu kama tofali, majivu hadi kifundo cha mkono. Mdomo wa meko umetazama mlango, mifereji inaondoka nyuma yake. Mazima, kama mwenye nyumba ametoka tu kuteka maji. Ndani ya majivu, kipande cha sufuria ya chuma. Nimelia. Rodion amesema ana vumbi machoni, macho yote mawili kwa wakati mmoja.

Na pale juu, jambo la aibu. Shimo langu la Julai linaonekana wazi kwenye ukuta wa udongo tuliokata, la duara, nadhifu. Linaishia vidole kumi juu ya jiwe la meko. Mkuu amelipima mwenyewe. Akasema chakula cha siku ile, kama anakumbuka vizuri, kilikuwa tambi na nyama ya kopo. Hata hazikuwa nzuri.

Halafu akatoa uamuzi. Meko hayako kwangu wala kwa Rodion. Kwa hiyo Nyumba Namba Tisa tutaiandika wote wawili, mimi benchi na meko, yeye sakafu na mlango, tasnifu mbili, nyumba moja. Rodion akashukuru. Mimi nikauliza kwa nini. Mkuu akasema amefikiri sana, na hamwamini yeyote kati yetu akiwa peke yake na futi. Kila mmoja atamchunga mwenzake sentimita kwa sentimita. Haijapata kuandikwa nyumba iliyopimwa kwa makini kama hii itakavyopimwa.

Kwenye daftari la kambi, penye nafasi ya aliyegundua, ameandika: R. Kim, mpishi. Shangazi Rimma amesoma mara tatu na kuomba apigwe picha na meko.

Jioni wageni wa mwaka wa kwanza wamepakwa udongo usoni na kupitishwa lango la kusini la boma kwa magoti, kama sisi zamani. Mikate ya mvuke. Gitaa. Nimempigia mama simu kutoka kwenye kile kilima chenye mtandao. Nimemwambia darasa la tano litafute mtu mwingine. Akauliza kama ninakula. Ninakula sana.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimeamka mtu mpya. Tumebakiza wiki mbili, na Mkuu amefungua miraba miwili juu ya Nyumba Namba Kumi. Mmoja wangu, mmoja wa Rodion. Katikati, tuta jipya, nusu mita, limenyooka kama rula. Tumelitazama pamoja, tukapeana mikono, tukaapa. Hakuna hila tena. Sisi ni wenzi wa kazi.

Nimesogeza kigingi sentimita mbili tu. Kilikuwa kimepinda.

Mahali pa lundo jipya nimepachagua mimi. Safari hii kwa uangalifu wote. Niliteremka hadi kwenye ule mteremko wa kusini, karibu na ukuta, ambako hakuna kitu kabisa, kila mtu anajua. Nikachimba shimo la majaribio, si kina cha mkono mmoja kama mtoto, bali mkono mmoja na nusu, na ningeendelea, ila kengele ya chakula ililia na leo kulikuwa na samaki. Hakuna kitu. Ardhi tupu. Mpaka saa tisa tumemwaga toroli arobaini. Limekaa vizuri sana.

Saa kumi Rimma amekuja na chai, akasimama kando ya lundo, mikono kiunoni. Eti tumemfukia upupu wake wa pili. Eti huu ulikuwa unampita kichwa. Nimemweleza kwa upole kwamba mteremko ule una maji mengi tu, na upupu hupenda maji.

Maskini. Kupika anajua, lakini akiolojia ni kitu kingine.